Fedha za kigeni zilizobaki baada ya safari

Fedha za kigeni zilizobaki baada ya safari ni noti na sarafu za nchi nyingine ambazo msafiri hakuzitumia hadi safari ilipokwisha. Kwa kawaida ni kiasi kidogo kwa mtu mmoja: noti mbili tatu kwenye pochi na sarafu kadhaa mfukoni. Hata hivyo fedha hizo zina thamani halisi, na thamani hiyo inaweza kupungua au kupotea kabisa kwa sababu ya gharama za kubadilisha, sheria za kutoa fedha nje ya nchi, au uamuzi wa benki kuu kuondoa noti za zamani kwenye mzunguko.

Katika makala hii neno *sarafu* linamaanisha fedha za chuma, na *noti* ni fedha za karatasi au za plastiki.

## Sababu za kubaki kwa fedha

Msafiri huwa hajui mapema atatumia kiasi gani, hivyo hubadilisha zaidi kidogo ili asipungukiwe. Mashine za kutolea fedha (ATM) hutoa noti kubwa, na kila noti kubwa inayotumika dukani huleta chenji. Siku ya mwisho msafiri huhitaji kuwa na akiba ya teksi, chakula cha njiani au dharura, na akiba hiyo mara nyingi haitumiki.

Kundi jingine ni watu waliokaa muda mrefu ugenini: wanafunzi, wafanyakazi wanaorudi kutoka nchi za Ghuba, mahujaji na wagonjwa waliokwenda kutibiwa. Hao huweza kubaki na kiasi kikubwa zaidi kuliko mtalii wa wiki moja. Pia kuna fedha zinazokutwa miaka mingi baadaye katika sanduku au kabati la marehemu, ambazo warithi hawajui kama bado zinafaa.

## Gharama ya kubadilisha

Benki na maduka ya kubadilisha fedha huwa na bei mbili kwa kila fedha ya kigeni: bei ya kununua na bei ya kuuza. Duka hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, na tofauti hiyo ndiyo faida yake. Mtu anayenunua fedha za kigeni na kuzirudisha bila kuzitumia hulipa tofauti hiyo yote.

Kwa mfano, ikiwa duka linauza dola moja kwa shilingi 2,600 na kuinunua kwa shilingi 2,500, mtu aliyenunua dola 200 alilipa shilingi 520,000. Akizirudisha siku hiyohiyo atapata shilingi 500,000, yaani atapoteza shilingi 20,000, ingawa bei haijabadilika.

Tofauti kati ya bei hizo hutegemea mambo kadhaa:

* Aina ya fedha. Dola ya Marekani, euro na pauni huuzwa sana, hivyo tofauti yake huwa ndogo. Fedha zisizotafutwa sana huwa na tofauti kubwa, au hazipokelewi kabisa.
* Mahali. Maduka ya viwanja vya ndege mara nyingi hutoa bei mbaya kuliko maduka ya mjini, kwa kuwa msafiri hana nafasi ya kuchagua.
* Ukubwa wa noti. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki noti za dola 50 na 100 hununuliwa kwa bei nzuri kuliko noti za dola 1, 5, 10 au 20.
* Kamisheni. Pale ambapo kuna ada isiyobadilika, kiasi kidogo huumia zaidi. Ada ya pauni 3 kwa kubadilisha pauni 10 ni sawa na asilimia 30 ya fedha yote.

Fedha isiyo na soko katika nchi ya msafiri inaweza kulazimika kubadilishwa mara mbili, kwa mfano kwanza kuwa dola na kisha kuwa shilingi. Katika hali hiyo gharama hulipwa mara mbili pia.

## Tatizo la sarafu

Benki nyingi na maduka mengi ya kubadilisha fedha hupokea noti tu. Sarafu ni nzito, thamani yake ni ndogo, na kuzisafirisha kuzirudisha katika nchi zilikotoka kunaweza kugharimu zaidi ya thamani yake. Kwa sababu hiyo senti za euro, pensi za Uingereza, halala za Saudia na baisa za Oman zikishavuka mpaka huwa vigumu kuzibadilisha.

Si sarafu zote ni za thamani ndogo. Sarafu ya euro 2 au ya pauni 2 inaweza kununua chakula chepesi katika nchi yake, lakini benki ya Dar es Salaam au Nairobi haina mahali pa kuipeleka.

Jambo hili huwagusa pia wasiosafiri. Katika maeneo ya utalii, kama pwani ya Kenya na Zanzibar, watalii huwapa wahudumu wa hoteli, waongoza watalii na madereva sarafu za euro kama bakshishi. Kwa kuwa benki hazizipokei, mpokeaji hulazimika kutafuta mtalii mwingine atakayekubali kumpa noti kwa sarafu hizo. Bakshishi ya noti, na hasa ya fedha ya nchi husika, humfaa mpokeaji zaidi.

## Njia za kuzishughulikia

### Kuzitumia kabla ya kuondoka

Njia hii haina gharama ya kubadilisha. Msafiri huweza kulipa sehemu ya bili ya hoteli kwa fedha taslimu zilizobaki na sehemu nyingine kwa kadi. Maduka mengi ya viwanja vya ndege hukubali malipo ya aina hiyo pia. Sarafu hutumika kwanza, kwa kuwa ndizo zisizobadilishika baadaye.

### Kuzibadilisha

Kwa fedha zisizotafutwa nje ya nchi yake, mahali pazuri pa kuzibadilisha ni katika nchi hiyohiyo kabla ya kuondoka. Shilingi ya Tanzania ni mfano mmojawapo: mtalii anayerudi Ulaya nayo hatapata kwa urahisi benki ya kuinunua, ilhali duka la kubadilisha fedha nchini Tanzania litaipokea. Kwa fedha kubwa kama dola na euro, msafiri anaweza kusubiri mpaka afike nyumbani na kulinganisha bei.

Noti za pauni zinazotolewa na benki za Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina thamani sawa na noti za Benki Kuu ya Uingereza, lakini nje ya Uingereza mara nyingi hukataliwa. Msafiri mwenye noti hizo huweza kuzibadilisha kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza kabla ya kuondoka.

### Kuzitunza

Mtu anayetarajia kurudi katika nchi hiyo anaweza kuzitunza kwa nauli na matumizi ya siku ya kwanza. Hatari zake ni tatu: fedha hiyo inaweza kushuka thamani, noti zinaweza kuondolewa kwenye mzunguko, na fedha iliyolala haizai kitu. Fedha zenye kiwango kisichobadilika dhidi ya dola hupunguza hatari ya kwanza. Riyali ya Saudia imekaa kwenye riyali 3.75 kwa dola tangu mwaka 1986, na dirham ya Umoja wa Falme za Kiarabu kwenye 3.6725 tangu 1997.

### Kumpa au kumuuzia msafiri mwingine

Ndugu, jirani au mfanyakazi mwenza anayekwenda nchi hiyo anaweza kuzichukua kwa bei iliyo katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, na wote wawili hupata nafuu. Kwa njia hii hata sarafu huweza kupata thamani yake. Kubadilishana kwa namna hii ni tofauti na biashara ya kubadilisha fedha, ambayo katika nchi nyingi inahitaji leseni.

### Kutoa sadaka

Tangu mwaka 1987 shirika la UNICEF limekuwa na mpango wa kukusanya fedha za kigeni zilizobaki kwa wasafiri wa ndege, unaojulikana kwa Kiingereza kama *Change for Good*. Abiria hutia noti na sarafu za nchi yoyote kwenye bahasha, na wahudumu wa ndege huzikusanya. Virgin Atlantic, Aer Lingus, Cathay Pacific na Japan Airlines ni baadhi ya mashirika ya ndege yaliyoshiriki. Viwanja vya ndege vingi pia huwa na masanduku ya kioo ya sadaka karibu na milango ya kuondokea. Sarafu ambazo hazina faida kwa mtu mmoja zikikusanywa kwa magunia huwa na thamani ya kutosha kulipia gharama ya kuzichambua na kuzirudisha kwao.

### Kuzihifadhi kama kumbukumbu

Wakusanyaji wa fedha hununua noti na sarafu za nchi mbalimbali, lakini fedha ya kawaida iliyotumika haiwi na bei kubwa. Noti ya dola trilioni 100 ya Zimbabwe iliyotolewa Januari 2009 ilikwenda kinyume na kawaida. Serikali ilipofuta fedha hiyo mwaka 2015, akaunti zenye dola hadi kwadrilioni 175 zililipwa dola 5 za Marekani. Baadaye noti moja ya trilioni 100 iliuzwa kwa wakusanyaji kwa bei kubwa kuliko malipo hayo.

## Fedha zilizokatazwa kutolewa nje

Nchi kadhaa haziruhusu fedha zake kutolewa nje, au huweka kikomo. Nchini Tunisia ni marufuku kutoka na dinari. Msafiri hulazimika kuzibadilisha kabla ya kupita ukaguzi, na hudaiwa stakabadhi ya benki kuonyesha kwamba alizipata kihalali. Moroko inaruhusu dirham 2,000 tu. Katika nchi za namna hii stakabadhi ya kubadilisha fedha ni muhimu sawa na fedha yenyewe, kwa kuwa bila hiyo benki inaweza kukataa kumrudishia mgeni fedha za kigeni.

Kuna pia sheria za kutangaza fedha nyingi taslimu. Kenya na Tanzania hutaka msafiri aandikishe kwa maafisa wa forodha fedha zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi, na Marekani zile zinazozidi dola 10,000. Umoja wa Ulaya una kikomo kama hicho cha euro 10,000. Kutangaza si kulipa kodi: lengo lake ni kuzuia utakatishaji wa fedha, na asiyetangaza anaweza kunyang'anywa.

## Noti zilizoondolewa kwenye mzunguko

Benki kuu hubadilisha noti zake mara kwa mara ili kuzuia noti bandia, kuboresha ubora au kubadili picha. Mwenye noti za zamani nje ya nchi huwa wa mwisho kupata habari. Utaratibu hutofautiana sana kati ya nchi na nchi.

### Nchi zisizoweka kikomo

Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake zote za zamani bila kikomo cha muda, hata kwa njia ya posta. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 hazitumiki madukani tangu 30 Septemba 2022, lakini thamani yake haijapotea. Noti zenye picha ya Malkia Elizabeth II zilizo za plastiki bado ni halali pamoja na zile za Mfalme Charles III zilizotolewa kuanzia tarehe 5 Juni 2024.

Nchini Ujerumani, benki kuu (Deutsche Bundesbank) bado hubadilisha noti na sarafu za Deutsche Mark kwa kiwango cha mark 1.95583 kwa euro moja, bila tarehe ya mwisho. Marekani haijawahi kufuta noti zake: noti zote za serikali zilizotolewa tangu 1861 ni halali nchini humo.

### Nchi zilizoweka tarehe ya mwisho

* Italia: lira hazibadilishwi tena tangu Desemba 2011.
* Ufaransa: noti za mwisho za faranga zilikoma kubadilishwa tarehe 17 Februari 2012.
* Hispania: peseta zilikoma tarehe 30 Juni 2021.
* Oman: noti za matoleo ya kabla ya Novemba 2020 zilikoma kutumika mwisho wa mwaka 2024.

### India, 2016

Tarehe 8 Novemba 2016 serikali ya India ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zingekoma kuwa halali usiku wa siku hiyohiyo. Noti hizo zilikuwa sehemu kubwa ya thamani ya fedha zote taslimu nchini. Wananchi walipewa hadi 30 Desemba kuziweka benki, na raia wa India waliokuwa nje ya nchi walipewa muda wa ziada. Wageni waliokwisha kurudi makwao hawakuwekewa muda huo. Miongoni mwao walikuwa watu wa Afrika Mashariki wanaokwenda India kwa matibabu, masomo na biashara.

### Kenya, 2019

Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza noti mpya na kueleza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingefutwa baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Noti ndogo za zamani ziliendelea kutumika. Sababu zilizotolewa zilikuwa fedha haramu na noti bandia. Benki Kuu za Tanzania na Uganda zilisimamisha ubadilishaji wa shilingi za Kenya ili fedha za aina hiyo zisipitie kwao. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Arusha au Mwanza mwenye noti hizo alilazimika kuzipeleka Kenya mwenyewe.

Muda ulipokwisha, noti 7,386,000 hazikuwa zimerudishwa, zenye thamani ya shilingi bilioni 7.386. Zote zilibaki karatasi tu.

### Tanzania, 2025

Benki Kuu ya Tanzania iliweka muda wa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 wa kubadilisha noti za zamani. Zilihusika noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010 ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sarafu. Watanzania wanaoishi ng'ambo waliokuwa na noti hizo majumbani walihitaji kuzituma kwa ndugu kabla ya tarehe hiyo.

## Hali katika Afrika Mashariki

Kati ya mwaka 1921 na miaka ya 1960 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki iliyotolewa na bodi ya pamoja, na Zanzibar ilijiunga mwaka 1936. Msafiri wa Mombasa hadi Kampala hakuhitaji kubadilisha chochote. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake.

Baadaye nchi hizo ziliweka udhibiti mkali wa fedha za kigeni, na raia aliyebaki na dola alitakiwa kuzipeleka benki. Maduka binafsi ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa Tanzania mwaka 1992 na Kenya mwaka 1995.

Mipakani, kama Namanga, Sirari, Tunduma na Mutukula, fedha za pande zote mbili hubadilishwa kila siku, na mara nyingi bei yake ni nzuri kuliko ya miji mikuu kwa kuwa wanunuzi ni wengi. Mbali na mpaka fedha ya jirani hupata bei mbaya zaidi.

Dola ya Marekani ina kanuni zake zisizoandikwa. Maduka mengi hukataa dola zilizochapwa zamani, hasa za kabla ya mwaka 2006, ingawa ni halali kwao. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako dola hutumika kwa manunuzi ya kawaida, noti yenye mchaniko mdogo tu hukataliwa. Msafiri anayerudi na dola chakavu huweza kukwama nazo.

Nchini Tanzania, kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipia bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa malipo maalumu yaliyoorodheshwa. Kuwa na fedha za kigeni si kosa, lakini mtu aliyerudi nazo anapaswa kuzibadilisha benki au kwenye duka lenye leseni kabla ya kuzitumia.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi itifaki ya umoja wa fedha tarehe 30 Novemba 2013. Fedha moja ilitarajiwa mwaka 2024, kisha lengo likasogezwa hadi 2031.

## Udanganyifu

Wanaobadilisha fedha barabarani bila leseni huweza kutoa noti bandia, kukunja noti moja ihesabike mara mbili, au kutoa noti zilizokwisha kufutwa. Njia ya mwisho huwapata zaidi wageni, hasa pale nchi inapofuta sufuri kwenye fedha yake. Msumbiji ilifanya hivyo mwaka 2006 na Zambia mwaka 2013, ambapo kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Noti ya zamani iliyoandikwa 50,000 ikawa na thamani ya kwacha 50.

## Kupunguza tatizo

Wasafiri hupunguza mabaki kwa kubadilisha kiasi kidogo kidogo, kulipa gharama kubwa kwa kadi, na kuomba noti ndogo tangu mwanzo. Kadi inapotumika ugenini, mashine inaweza kuuliza kama malipo yafanywe kwa fedha ya nyumbani. Kukubali kwa kawaida hugharimu zaidi, kwa kuwa mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango. Huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007, zimepunguza haja ya kubeba noti, ingawa mgeni huhitaji laini ya nchi hiyo.

## Tazama pia

* Benki kuu
* Euro
* Noti
* Sarafu
* Shilingi ya Kenya
* Shilingi ya Tanzania
* Jumuiya ya Afrika Mashariki